Mbwa Wetu Amemfanya Baba Mkwe Afungashe Mizigo

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nakuomba unisome mpaka mwisho na usicheke, maana waliocheka wameshatosha. Nakuandikia nikiwa nimejifungia bafuni, nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kwa sababu hapa ndipo mahali pekee katika nyumba yangu mwenyewe ambapo mbwa hawezi kunifuata.

Mimi ni fundi cherehani na nashonea nyumbani, sebuleni, cherehani iko dirishani na kioo kirefu kiko ukutani, wateja wanaingia, wanasimama kwenye zulia, nawapima, wanakwenda zao. Naishi na mume wangu, binti yetu wa darasa la kwanza, na baba mkwe, ambaye tulimleta kwetu baada ya mama mkwe kufariki, kwa sababu kule kwake alikuwa anakula mkate na chai asubuhi, mkate na chai usiku, na kuna siku jirani alimkuta ameanguka jikoni wala hakuwa amemwambia mtu. Tulimbembeleza mno mpaka akakubali kuja. Hilo naomba ulishike, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote nitakayokueleza.

Mzee alikuwa mwalimu wa udereva maisha yake yote. Ni mtu wa suruali iliyonyooshwa mstari, viatu vinang'aa hata kama haendi popote, hapandishi sauti, na mtu akipita sebuleni kwa haraka anamwambia tu, "Punguza mwendo." Mimi na yeye tunaheshimiana, namwita baba, ananiita mama, hatutaniani hata kidogo.

Sasa katika nyumba ya namna hiyo mume wangu, bila kuuliza mtu, akaleta mtoto wa mbwa aliyepewa na mwenzake kazini, dume, eti atakua alinde vitambaa vya wateja. Binti akamwita Meneja kwa sababu siku ile ya kwanza alipita chumba kwa chumba akinusa kila kitu utadhani anakagua mali. Tangu hapo, mshauri, mimi sina tena heshima ya kuitwa mama mwenye nyumba.

Kwanza ni mikojo. Mgeni akiingia tu na kuinama kumpapasa kichwa, Meneja anajikojolea pale pale kwa furaha, na mara nyingi ni juu ya viatu vya huyo mgeni. Pili ni nguo za ndani. Kapu la nguo chafu lina mashuka, lina mashati, lina soksi, yeye anaviacha vyote anachagua chupi, tena yangu, na haendi kuitafuna uani kama mbwa mwenye aibu zake, anaileta sebuleni kwenye watu. Juzi nilikuwa nampima mteja wangu mkubwa, mama mmoja mhasibu asiyependa mchezo, pini zimejaa mdomoni mwangu, Meneja akaingia na ile yangu ya zamani iliyolegea mpira, akaiweka taratibu juu ya kiatu cha yule mama kama mtu anayekabidhi risiti. Nikamkimbiza kuzunguka meza, naye akaona ndiyo mchezo umeanza, akaiokota tena akakimbia nayo, mimi nyuma, pini mdomoni, siwezi hata kumtukana.

Hayo ningeyavumilia. La tatu ndilo lililonishinda, na hata kuliandika naona haya. Meneja anang'ang'ania miguu ya watu. Anaukumbatia mguu kwa miguu yake ya mbele na kuanza yale mambo, wewe ni mtu mzima, umenielewa. Na katika miguu yote ya nyumba hii ameupenda wa baba mkwe. Sisi wengine tunaguswa mara moja moja, lakini mzee akisimama tu sebuleni, hata kama amesimama kuongeza sauti ya taarifa ya habari, mbwa huyo anatoka popote alipo na kuukimbilia mguu ule kana kwamba ameitwa.

Mara ya kwanza tulikuwa mezani, mzee ameinuka kwenda kunawa mikono, Meneja akamvamia, na mzee akaganda pale pale, anatazama ukuta. Binti akauliza kwa sauti, "Mama, Meneja anamfanya nini babu?"

Mshauri, ungekuwa wewe, mbele ya baba mkwe wako, ungejibu nini? Nikasema la kwanza lililonijia, kwamba anaomba biskuti, na ili ionekane ni kweli nikafungua kopo nikatupa biskuti pembeni, Meneja akashuka akaifuata, mzee akaenda kunawa, na mambo yakaisha kwa amani. Nilijisifu moyoni kwa akili ile. Tangu siku hiyo imekuwa ndiyo kanuni ya nyumba, akimng'ang'ania mtu tu wote tunapiga kelele "anaomba biskuti, anaomba biskuti" na aliye karibu na kopo anatupa moja, hata wateja wameshazoea kutupa, na biskuti tunazonunua siku hizi ni kama tuna duka, lakini badala ya mbwa kuacha ndiyo kwanza amezidi. Siku hizi akishaushika mguu wa mzee, anageuza shingo kulitazama kopo.

Basi, Jumapili iliyopita wakaja wenzake mzee aliofundisha nao udereva. Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi, akafunga tai, akaniomba nimkazie kifungo cha koti. Baada ya kula alisimama kuwashukuru, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamsikia akimtaja mama mkwe mbele za watu, akaanza kueleza jinsi yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake wa kwanza kabisa na alivyoligonga kwa gari lango la chuo cha udereva siku ile ile ya kwanza. Watu wametulia, mimi machozi yananilenga. Ndipo Meneja akatoka chini ya meza.

Binti yangu akapaza sauti, "Anaomba biskuti!" Sebule nzima ikaangua kicheko. Mume wangu, aliyekuwa anarekodi hotuba ya baba yake kwa simu, hakuizima, aliendelea kurekodi huku anatikisika kwa kucheka, na jioni akaituma ile video kwenye grupu la familia. Mzee hakumaliza maneno yake. Aliuondoa mguu, akakaa, akanywa maji.

Kesho yake naingia chumbani kwake kuchukua nguo za kufua, nakuta begi limefungwa zipu juu ya kitanda na redio imezungushiwa waya wake. Nikamuuliza, baba, vipi tena. Akanijibu kwa upole ule ule wake, "Mama, nyumba yenu ni nzuri na chakula chako ni kizuri. Ila mimi siwezi kuzeekea mahali ninapochekwa." Mwisho wa mwezi anarudi kwake.

Mume wangu anasema dawa ni kumwondoa mbwa, na alishampata jamaa mwenye yadi ya mbao anayetaka mbwa wa kufungwa mnyororo getini. Cha ajabu, jamaa huyo alipokuja kumchukua, mzee mwenyewe ndiye aliyetoka nje kumwambia kwamba mbwa hawezi kwenda popote, hajamaliza chanjo, imebaki moja. Mimi sikujua hata kama kuna chanjo iliyobaki. Nikashangaa, mbwa anamdhalilisha hivyo halafu anamkingia kifua? Nikasema labda ni uungwana wake tu.

Na kuna jambo jingine linanitia hofu, nadhani upweke umeanza kumchanganya. Kila siku baada ya chakula cha mchana anafunga mlango wake, nami nikiwa kwenye cherehani namsikia anaongea peke yake kwa sauti ya chini, "Breki," kisha kimya, kisha tena, "Breki. Vizuri sana." Nadhani anawaota wanafunzi wake. Nikimfulia suruali nakuta mifuko imejaa chembe za biskuti kama ya mtoto mdogo. Namwonea huruma, lakini nakiri kwamba saa hizo za mchana ndizo pekee ninazoshona kwa amani, kwa sababu Meneja naye huwa sijui anapotelea wapi.

Sasa nishauri. Nikimtoa mbwa, binti ameshaapa hatazungumza nami, na tangu jana anakula akiwa amenigeuzia mgongo. Nikimwacha, mzee anarudi kwenye mkate na chai na kuanguka jikoni. Je, mbwa huyu ni mgonjwa, ana tamaa zisizo za umri wake, au ni malezi yangu? Nyumbani kwetu hakuna anayeweza kulitaja jambo hili kwa jina lake. Litaje wewe. Naishia hapa, ameshaanza kukwaruza mlango.

Ni mimi,
Fundi Asiye na Pa Kuweka Uso

*

Fundi, toka bafuni, wenzako wanataka kuoga.

Marahaba, na pole. Nilijitahidi kutocheka kama ulivyoniomba, nikashindwa pale kwenye risiti. Kwa mzee sikucheka. Pale nilikasirika, na nitakueleza niliyemkasirikia.

Umeniomba nilitaje jambo kwa jina lake. Haya: mbwa wenu anapanda. Ni neno fupi, na nyumba haijaanguka. Watoto wa mbwa hupanda miguu, mito, mikoba ya wageni na hata wenzao, madume kwa majike, na mara nyingi halihusiani kabisa na hayo yanayokufanya uone haya. Furaha imemzidi, au usingizi umemzidi, au kelele, na mwili wake hajui aupeleke wapi. Binti yako akichelewa kulala si anakimbia huku na huko akicheka ovyo mpaka mwisho analia? Ni hivyo hivyo, ila huyu ana miguu minne. Ugonjwa na tamaa mwondoleeni.

Lakini kupanda ni kwake, na hiyo tabia ya kurudia kila siku ni kazi ya mikono yenu. Mlisema anaomba biskuti, mkampa biskuti. Alipopanda tena mkampa nyingine, na kelele za shangwe juu yake. Mbwa yeyote mwenye akili timamu angefanya alichofanya Meneja: ameuchukua uongo wako na kuufanya kweli. Sasa anaomba biskuti kweli kweli. Umeandika kwa mkono wako kwamba akiushika mguu anageuza shingo kulitazama kopo. Wewe fundi unaona sindano iliyozama kwenye zulia, hilo hukuliona?

Kwa hiyo kopo liondoke sebuleni leo, si kesho. Akipanda, hakuna kelele, hakuna kicheko, hakuna kumpiga wala kumsukuma, maana kwake kusukumwa ni mchezo. Mwenye mguu auondoe kimya na kumgeuzia mgongo, na kama bado anang'ang'ania, atolewe taratibu kwenye chumba kingine chenye kitu cha kutafuna, apumzike kidogo, arudi. Biskuti apewe akiwa ameketi au amesimama na miguu yake yote minne sakafuni, na apewe kabla hajaanza ujinga, si baada. Wateja wakiwepo, mfunge kamba nyepesi mbali na cherehani yako au mlaze kwanza. Anahitaji usingizi mwingi kuliko mnavyodhani, na sebule yenye wageni kutwa nzima si mahali pa mtoto kulala. Yatazidi kidogo kabla ya kupungua, kwa sababu atashangaa biashara yake imekufa ghafla. Vumilieni, na msilegee hata mara moja, kwani siku mtakayolegea ndiyo atakayoikumbuka.

Mikojo si dharau. Mtu mkubwa anamwinamia, yeye anajawa na furaha na woga kwa pamoja. Wageni wamsalimie wakiwa wamechuchumaa kwa pembeni, bila kumshika kichwa, na ikiwezekana nje. Wengi huacha wakikua. Akikojoa mara kwa mara hata pasipo mgeni, au akijilamba huko chini bila kukoma, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na siku hiyo hiyo muulize kama kumhasi kunafaa na kwa umri gani. Chupi zinunulie kapu lenye kifuniko. Anaichagua yako kwa sababu ina harufu yako na kwa sababu ukimwona nayo unamkimbiza, jambo ambalo, nikikusoma, ndilo linalomfurahisha kuliko yote katika nyumba hiyo. Usimkimbize. Mbadilishie na kitu kingine, tena ukiwa umetulia. Na wewe ambaye una pini mdomoni na nyuzi sakafuni, mbwa anayeokota kila kitu atakuja kumeza sindano. Hilo ndilo lingenikosesha usingizi mimi, kuliko mhasibu wako.

Sasa tumfikie mumeo, maana ndiye niliyemkasirikia. Baba yake amesimama kumtaja marehemu mkewe kwa mara ya kwanza, na mtoto wa kumzaa mwenyewe anarekodi kicheko na kukisambaza kwa ukoo mzima. Kisha anataka kulimaliza kwa kumtupa mbwa kwenye mnyororo wa yadi ya mbao. Mwambie hivi kutoka kwangu: mbwa alifanya ya mbwa, yeye ndiye aliyefanya yasiyofaa. Aifute video hiyo, awaombe ndugu nao waifute, kisha aende kwa baba yake peke yake, aketi, aseme "nisamehe baba" bila kuongeza "lakini". Akishindwa hilo, yeye ndiye aende akalinde mbao.

Nawe usifikiri umepona. Umeniletea mambo mawili kama mafumbo, na yote mawili ulikuwa umeshayajibu. Mzee anaongea peke yake mchana. Meneja anapotelea kusikojulikana mchana. Mifuko ya mzee ina chembe za biskuti. Ni nani anayekumbuka chanjo iliyobaki wakati ninyi wenye mbwa hamjui? Sikuwepo, siwezi kuapa, lakini ningekuwa wewe ningeacha kuogopa kwamba baba mkwe amechanganyikiwa. Haongei peke yake. Mwanafunzi wake yuko pale mbele ya kitanda, ameketi, na anaambiwa vizuri sana.

Ndiyo maana mbwa anaukimbilia mguu ule kuliko mingine. Mchana yule ni rafiki yake, jioni mbele yenu mzee anajifanya hamjui, kwa sababu ameshaona anachopata mtu wa nyumba hiyo akisogeleana na Meneja: anapata kuchekwa. Tangu mkewe aondoke, hicho ndicho kitu cha kwanza alichokipata cha kwake mwenyewe, na anakificha kama mtoto anayeficha pipi. Alikwambia wazi sababu ya kufunga begi, ukasikia mbwa. Hakutaja mbwa. Alisema kuchekwa.

Basi usimtoe mbwa, na usiende kumsihi mzee abaki, maana ameshabembelezwa vya kutosha katika maisha yake ya ujane. Fanya hivi. Kesho baada ya chakula, subiri mlango ufungwe, chukua kikombe cha chai na biskuti kadhaa zilizovunjwa vipande vidogo, gonga, na akifungua usishangae, usicheke, usimwite mtu. Mwambie, "Baba, mbwa huyu ametushinda sote. Naomba utufundishe." Mpe kikombe, mpe vipande, uondoke. Mtu aliyewafundisha watu wazima wenye woga kulisimamisha gari mahali panapotakiwa hatashindwa na mtoto wa mbwa, na inaonekana kazi hiyo ameshaianza, ni ninyi tu mliokuwa mnaiharibu kila jioni kwa kopo lenu. Kuanzia hapo sheria ya mbwa ni ya mzee. Wewe, mumeo na binti mtatumia neno lake analotumia, kwa sauti yake ya chini, na mtamuuliza kabla ya kubuni jingine. Na binti mwambie ukweli kwamba hukujua la kujibu siku ile ukamdanganya. Anaweza kuubeba, hata kwa mgongo aliokugeuzia.

Mkishayashika hayo, waiteni tena wale wenzake wa chuo. Mkazie mzee kifungo cha koti. Meneja akitoka chini ya meza, ninyi nyote fungeni midomo, simu ziwe mifukoni, mwacheni mzee aseme neno lake moja mbele ya watu, na mbwa akishaketi, mwambieni baba aendelee pale alipoishia, kwenye lango aliloligonga mkewe.